Pishi ya Kila Siku

Somo: Kutoka 16, 13–21



Habari ya mana twaijua sote tangu utoto wetu. Wana wa Israeli walipotoka Misri waliingia jangwani, njaa ikawashika, wakaanza kunung'unika na kuzitamani sufuria za nyama za nchi ya utumwa. Bwana hakuwaacha na njaa yao. Jioni aliwaletea kware, na asubuhi, umande ulipokwisha kukauka, waliona punje ndogo zimetandaa juu ya nchi, wasijue ni kitu gani. Musa akawaambia kwamba hicho ndicho chakula chao, akawapa na amri yake: kila mtu aokote kwa kadiri ya ulaji wake, pishi moja kwa kila kichwa, wala asiweke akiba mpaka kesho. Wako waliokaidi wakaweka, na asubuhi walikuta kimeoza na kuingia mabuu.

Mara nyingi twaihubiri habari hii kama mwujiza wa asubuhi moja. Lakini mlango ule ule, mbele kidogo, watuambia kwamba walikula mana miaka 40. Basi tuangalie vema. Mungu hakuwatoa jangwani siku ile walipolia njaa. Jangwa lilibaki jangwa, jua lilikuwa kali vile vile, nao wakalishwa humo humo. Iko neema ya kutolewa katika taabu, na iko neema ya kulishwa ndani ya taabu isiyokwisha upesi. Neema hii ya pili si ndogo kuliko ile ya kwanza, maana aitoaye ni Mungu yule yule.

Leo nataka kunena na wale wanaoihitaji neema hii ya pili, yaani wenye maradhi yasiyotoka. Katika kila usharika wetu wako. Yuko mwenye kisukari, yuko mwenye shinikizo la damu, yuko mwenye ugonjwa wa figo, yuko anayeishi na virusi vya UKIMWI akinywa dawa zake kila siku. Hawa hawaugui leo wakapona juma lijalo, kama mtu aliyeshikwa na malaria akapata dawa. Wao huamka na maradhi na kulala na maradhi, na kila siku huketi mbele ya sahani wakijiuliza: Nile nini? Swali hili laonekana dogo, tena ni la jikoni, si la mimbarani. Lakini swali ambalo mtu hujiuliza kila siku ya maisha yake ni zito kwake, na Neno la Mungu lina jambo la kumwambia.

Wazee wetu nao walikuwa na maradhi yao. Watoto wengi walikufa kwa ndui, surua na homa, kwa hiyo tusizisifu siku zao kupita kiasi. Lakini kisukari kilikuwa haba. Mwaka 1989 daktari Donald McLarty na wenzake walitangaza uchunguzi walioufanya katika vijiji sita vya Tanzania Bara. Walipima watu zaidi ya 6,000, wakaona wenye kisukari hawafiki mmoja katika 100. Mwaka 2012 ulifanyika uchunguzi mwingine wa Tanzania Bara, wa watu wenye miaka 25 hata 64, na safari hii wenye kisukari walikuwa karibu 9 katika 100, na wenye shinikizo la damu karibu 26 katika 100. Hesabu ya kwanza ilikuwa ya vijijini tu, na ya pili ilichanganya mjini na shamba, basi tusizilinganishe kama vitu viwili vilivyopimwa kwa mizani moja. Hata hivyo mwenye macho aona mambo yalikoelekea. Kazi ya jembe na mwendo wa miguu vimepungua, na chakula kimebadilika.

Mtu atakaye kuliona badiliko hilo, na aende Darajani asubuhi. Jina lenyewe latokana na daraja lililovuka hori ya bahari kati ya Mji Mkongwe na Ng'ambo. Hori ilikwisha kufukiwa, jina likabaki. Jengo la soko lilijengwa mwaka 1904, na hata leo, ndani yake na kandokando yake, utaona karibu kila chakula ambacho Muumba amewapa watu wa Unguja. Mna mafungu ya mchicha, kisamvu, matembele na bamia. Mna muhogo ungali na udongo wake, majimbi, viazi vikuu, ndizi za kupika, na shelisheli kwa msimu wake. Mna kunde, choroko, mbaazi na mtama. Mna dagaa, vibua na changu. Mna machungwa, maembe, mapera na mafenesi, na viungo ambavyo kwavyo kisiwa hiki kimejulikana duniani: karafuu, iliki, mdalasini, pilipili manga, tangawizi.

Tena hapo hapo, hatua chache tu, mna magunia ya sukari nyeupe, mchele uliokobolewa ukang'aa, unga mweupe wa ngano, madumu ya mafuta, makasha ya soda na biskuti. Sisemi kwamba mwenye kuviuza atenda dhambi, maana naye atafuta riziki ya watoto wake. Nasema tu kwamba mkono wa mnunuzi umezoea kwenda upande huu wa pili, kwa kuwa vyakula hivi vyapikika upesi, havioizi duka, tena vimepewa heshima ya mjini. Chai ya sukari nyingi na mkate wa boflo asubuhi, wali mweupe mchana, soda mbele ya mgeni, chipsi usiku: hizi ndizo sufuria zetu za Misri. Na mgonjwa anapokatazwa huzililia, kama wale walivyozililia zao.

Basi tujifunze kwa mana mambo manne.

1. Chakula kizima

Mana ilitoka mkononi mwa Mungu, na watu kazi yao ilikuwa kuiokota, kuisaga na kuipika. Nacho chakula cha shambani chatoka mkono ule ule. Sisi tumepewa ruhusa ya kukisaga na kukipika, lakini mara nyingi twapita hapo, twakivua nguvu zake kwa kutaka kiwe cheupe na laini.

Mwishoni mwa karne ya 19 daktari mmoja Mholanzi, Christiaan Eijkman, alikuwa kisiwani Java, ambako watu wengi waliugua beriberi, ugonjwa wa kulegeza miguu na kudhoofisha moyo. Aliona kuku waliolishwa wali wa mchele uliokobolewa wakilegea miguu wasiweze kusimama. Walipopewa mchele ambao bado una ngozi yake ya ndani, wakapata nafuu. Jambo hilo liliwasaidia wataalamu kuvumbua vitamini, naye Eijkman mwaka 1929 akashirikishwa Tuzo ya Nobel. Oneni: lile kapi walilolitupa watu ndilo lililokuwa na uzima ndani yake, na kuku wakawa walimu wa wanadamu.

Kisukari si beriberi, lakini fundisho lakaribiana. Punje nzima, kama mtama, mahindi ya dona na kunde, pamoja na mboga za majani na tunda lenye nyama yake, huyeyuka tumboni polepole, nayo sukari yake huingia katika damu kidogo kidogo. Unga mweupe na kinywaji chenye sukari huingia kwa kishindo. Mwili wenye afya huweza kuhimili kishindo hicho, mwili wa mwenye kisukari hauwezi. Kwa hiyo chungwa moja lililoliwa zima si sawa na bilauri iliyokamuliwa machungwa manne, ijapokuwa yote ni ya mti mmoja.

Na mwenye shinikizo la damu aangalie chumvi. Shirika la Afya Duniani lashauri mtu mzima asile chumvi inayofika gramu 5 kwa siku, nayo ni kama kijiko kimoja kidogo cha chai, pamoja na ile iliyomo tayari ndani ya mkate, ng'onda na papa mkavu. Hapa sisi wa Unguja hatuna udhuru. Mungu ametupa ndimu, tangawizi, thomu, bizari na pilipili manga. Changu aliyepakwa ndimu na thomu hahitaji chumvi nyingi. Viungo hivi havimponyi mtu shinikizo, wala asidanganyike mtu kwa hayo. Ni msaada wa ulimi, ili ujifunze kula vema bila manung'uniko.

2. Kipimo

Waliotafsiri Biblia kwa Kiswahili walipofikia kipimo cha Kiebrania waliandika pishi, neno la sokoni kwetu, na kila mtu wa pwani ajua ya kuwa pishi ni vibaba vinne. Tufikiri jambo hili. Mana ilikuwa chakula cha Mungu mwenyewe, hapakuwa na chakula kilicho safi kupita hicho, na hata hivyo ilipimwa.

Hapa ndipo wengi hujikwaa. Mtu akisikia kwamba chakula cha shamba ni chema, hujaza sahani ya muhogo ikafurika, akatia asali katika chai kwa sababu si sukari ya dukani, akala tende bila hesabu, akanywa maji ya miwa akisema ni mmea wa Mungu. Kisha hupimwa hospitali, akashangaa. Ndugu, asali ni sukari, tende zina sukari nyingi, na muhogo, majimbi, ndizi na viazi vyote hugeuka sukari mwilini. Ni vyakula vyema, lakini vina pishi yake. Njia nyepesi wanayofundisha matabibu ni kuigawa sahani kwa macho. Nusu yake iwe mboga, robo iwe wali au ugali au muhogo, na robo iliyobaki iwe samaki, kunde, maharage, yai au nyama isiyo na mafuta mengi. Tui zito la nazi litumike kwa kiasi. Kufanya hivyo hakuhitaji mizani wala elimu kubwa.

Tena pishi ya mmoja si ya mwingine, kwa kuwa kila mtu aliokota kwa kadiri yake. Mwenye figo zilizodhoofika huenda tabibu akampunguzia ndizi, maharage, madafu na hata mboga nyingine, maana vitu hivi vina madini iitwayo potasiamu, nayo, figo zisipoweza kuitoa, huuhatirisha moyo. Kwa hiyo usimpe jirani yako sheria ya chakula uliyopewa wewe. Akaulize yake.

Na liko jambo ambalo kila mwalimu na kila mwenye nyumba yampasa alijue. Mtu anayechoma insulini, au anayekunywa dawa fulani za kisukari, huweza kushukwa na sukari ya damu kupita kiasi. Hutetemeka, hutoka jasho, moyo humwenda mbio, na maneno yake huchanganyika hata watu wakadhani amelewa au amepandwa na pepo. Mtu huyo, akiwa na fahamu na kuweza kumeza, apewe mara moja vijiko vitatu au vinne vidogo vya sukari katika maji, kisha ale chakula. Akiwa amezimia asitiwe kitu kinywani, bali akimbizwe hospitali. Oneni basi, sukari ile ile tuliyomkataza jana ndiyo imwokoayo leo. Hakuna kitu alichokiumba Mungu kilicho kiovu kwa asili yake. Mwenye kuapa kwamba sukari ni shetani, na mwenye kuila bila hesabu, wote wawili hawajajifunza pishi.

3. Siku kwa siku, pamoja na dawa

Mana haikuwekeka. Mtu hakuweza kuokota ya mwezi mzima siku moja, akalala. Lakini mgonjwa wa siku nyingi huchoka, ndipo hutamani kuyamaliza mambo mara moja. Hula mchicha juma moja kwa bidii kubwa, kisha hurudi kwenye soda. Au humwendea mtu anayemwahidi kwamba atapona kabisa kwa siku saba. Mungu hakutupa ahadi ya namna hiyo. Alitupa asubuhi ya leo, na kesho atatupa asubuhi ya kesho.

Hapa yanipasa kunena wazi. Chakula chema ni msaada mkubwa. Wako wenye kisukari cha ukubwani ambao, kwa chakula, mwendo wa miguu na uangalizi wa tabibu, dawa zao zimepunguzwa. Lakini chakula hakijawekwa mahali pa dawa. Kabla ya mwaka 1922 mtoto aliyepatwa na kisukari cha utotoni alinyimwa chakula karibu chote ili aongezewe miezi michache, kisha alikufa amekonda kama fimbo. Januari 1922 huko Toronto, nchi ya Kanada, kijana Leonard Thompson wa miaka 14 alikuwa mtu wa kwanza kuchomwa insulini iliyopatikana kwa kazi ya Frederick Banting, Charles Best na wenzao. Alikuwa karibu na kufa, naye akaishi hata mwaka 1935. Basi ulaji mkali peke yake haukuwaokoa watoto wale, wala hautawaokoa wa leo. Anayemwambia mtoto wa namna hii aache sindano kwa ajili ya majani, au kwa ajili ya maombi, ampeleka kaburini, hata kama alitaja jina la Bwana mara mia.

Je, kunywa dawa ni upungufu wa imani? Someni 2 Wafalme 20. Mfalme Hezekia alipewa ahadi na Mungu kwamba atapona, na nabii Isaya aliyeileta ahadi ndiye aliyeagiza tini ziwekwe juu ya jipu. Ahadi na tini zilikwenda pamoja. Someni pia habari ya binti Yairo. Bwana Yesu alimfufua kwa neno lake, na mara akaagiza wampe chakula. Yeye aliyeweza kumrudishia roho, asingeweza kumshibisha kwa neno? Angeweza, lakini aliwaachia wazazi wake kazi ya kumpikia.

Tena mgonjwa asiyepona asidhani ya kuwa Mungu amemkataa. Mtume Paulo alimwomba Bwana mara tatu juu ya mwiba wake, nao haukuondolewa, bali alipewa neema ya kutosha. Baba yetu Martin Luther aliteswa miaka mingi na ugonjwa wa mawe. Mwaka 1537, alipokuwa Schmalkalden, ulimshika hata akakaribia kufa, naye akaishi mpaka 1546, akihubiri na kufundisha katika mwili wenye maumivu. Wala kanisa halikusema kwamba imani yake ilikuwa haba.

Na juu ya kufunga neno moja. Kwaresima ifikapo, mwenye kisukari au mwenye kuchoma insulini asijinyime chakula bila kumwuliza tabibu. Jirani zetu Waislamu, ambao ndio wengi hapa Unguja, nao dini yao humpa mgonjwa ruhusa ya kutofunga. Mungu hapendezwi na saumu ya kumzimisha mtu njiani. Mgonjwa ana saumu yake ya kila siku, nayo ni ile sahani aliyoisukuma kando kwa shukrani.

4. Mkate ulio wetu

Bwana alipotufundisha kuomba mkate wa kila siku, hakutufundisha kusema mkate wangu. Na Luther, katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, alipoeleza ombi hilo la nne, alihesabu ndani ya mkate si chakula na kinywaji tu, bali na afya, na rafiki wema, na jirani waaminifu. Kumbe jirani naye ni sehemu ya mkate! Watoto wetu wa Kipaimara hukariri maelezo hayo kwa moyo. Sisi tulio wazima tuyatende.

Mfikirini mama mwenye kisukari aliyealikwa arusini. Sahani ya biriani yaja imefurika, na soda mbili zimefunguliwa. Aomba apewe kidogo, na maji. Mwenyeji amwambia, "Kula, mwanangu, usinitie aibu mbele ya watu. Siku moja haiui." Mama yule ana adabu, hawezi kubishana na mtu mzima aliyemheshimu, basi anakula. Kesho ni ubatizo, kesho kutwa ni hitima kwa jirani, Jumapili ni sikukuu ya usharika. Siku moja haiui, lakini siku moja moja ndizo zinazofanya mwaka. Mtume katika Warumi 14 atuonya tusimwangamize kwa chakula chetu mtu ambaye Kristo alimfia. Alinena habari ya dhamiri, lakini neno lake lafika na kwenye mwili. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Basi na mwenyeji naye asimwuguze mgeni wake.

Kwa hiyo nawasihi, wazee wa kanisa, walimu na akina mama wa usharika, tuyafanye haya. Katika karamu zetu maji safi yawekwe mezani yenye heshima sawa na soda, si kwa kuombwa kwa siri. Chai ipikwe bila sukari, sukari iwekwe kando, kila mtu atie kwa kadiri yake. Pawe na sahani ya kunde, ya mboga na ya matunda. Mtu akisema ametosheka, asishurutishwe wala asiulizwe mbele ya watu. Na nyumbani pasiwe na vyungu viwili, kimoja kitamu cha watu na kingine cha mgonjwa kama cha mfungwa. Kilicho chema kwa baba mwenye shinikizo ni chema kwa watoto pia, tena huenda kikawaepusha na njia aliyopita baba yao.

Lakini yuko atakayesema, "Mchungaji, wanena habari za samaki na matunda, nami sina hata nauli ya kufika sokoni." Neno hilo ni la kweli, wala tusilijibu kwa maneno mepesi. Ni kweli kwamba choroko, dagaa, kisamvu na matembele mara nyingi hulishibisha jamaa kwa gharama ndogo kuliko nyama na soda, na matembele hukubali kuota hata nyuma ya nyumba. Walakini wako ambao hata hayo hawawezi, hasa wazee wanaokaa peke yao. Kwa hao jibu la kanisa si hotuba, ni kibaba. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba kwa kibaba hujaza pishi. Kila jamaa ikileta kibaba kimoja cha kunde kwa mwezi, nyumba ngapi za wagonjwa zitakula? Na penye uwanja wa kanisa palimwe mchicha, maana huvunwa baada ya majuma machache tu.

Nanyi walimu mnaowatembelea wagonjwa, kabla ya kufungua Zaburi ulizeni mambo matatu kwa upole: Umekula nini leo? Dawa unazo, nawe umezinywa? Ulipimwa lini? Kisha someni na kuomba. Mgonjwa atajua kwamba mmekuja kwa ajili yake mzima, mwili na roho.

Neno la mwisho ni hili. Mgonjwa wa siku nyingi huanza kujiona kuwa mzigo. Huhesabu gharama ya dawa zake na taabu ya wanaomtunza, akajisemea kwamba hana thamani tena. Kutoka soko la Darajani ukitembea kidogo wafika Mkunazini, palipokuwa na soko jingine, ambalo Sultani Barghash alilifunga mwaka 1873. Huko watu waliuzwa. Mnunuzi alitazama meno na viungo, na mwenye mwili wenye kasoro bei yake ilishuka. Leo pamesimama kanisa, Kristo ahubiriwa. Mtume atuambia ya kuwa tumenunuliwa kwa thamani, na Yeye aliyetununua hakutazama meno yetu. Hakupunguza hata tone moja la damu yake kwa sababu ya kisukari chako au figo zako. Basi kuutunza mwili kwa sahani iliyopimwa na dawa iliyonywewa kwa saa yake si kuuabudu mwili. Ni kuitunza mali ya Bwana mpaka atakapoidai mwenyewe.

Kitabu cha Yoshua chasema kwamba mana ilikoma siku ya pili yake, watu walipokwisha kula mazao ya nchi ya ahadi. Hawakuihitaji tena. Nasi twangojea siku hiyo, ambapo wenye maradhi wataketi mezani pa Mwana-Kondoo, wala hapatakuwa na kipimo, wala sindano, wala mtu wa kusema, kidogo tu. Mpaka siku hiyo, kila asubuhi umande ukiondoka, inuka, ukaokote pishi yako.

Tuombe: Ee Bwana, uliyewalisha watu wako jangwani, uwalishe na hawa walio katika jangwa la maradhi. Uwape chakula kiwafaacho, kipimo cha kukila, dawa ya kuwasaidia, na jirani wa kula pamoja nao. Utufundishe sisi tulio wazima kuandaa meza isiyomdhuru mtu. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.